"TAKE" SI "CHUKUA" TU

Mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, aghalabu huandika neno la Kiingereza upande wa kushoto wa ubao na la Kiswahili upande wa kulia: "take", chukua. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, naye huona kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Mwambie mtoto aliyefundishwa hivyo, "Take this book to the head teacher." Huenda akakipokea kitabu na kuketi nacho, ama akaenda kwa mwalimu mkuu kutafuta kitabu kingine. Alichotakiwa ni kukipeleka. Isitoshe, kwa kitenzi hicho hicho Mwingereza hunywa dawa, hupiga picha na hufanya mtihani. Kikiongezewa "off", nguo huvuliwa na ndege hupaa.

Hasara kubwa zaidi imo katika hisabati. "Take 7 from 15" ni amri ya kutoa, na jibu lake ni 8. Mtoto wa "chukua" huona namba mbili na amri ya kubeba. Katika shule za sekondari za Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo mtoto ajuaye kutoa barabara aweza kukosa swali kwa sababu ya kitenzi kimoja alichodhani anakijua. Neno asilolijua angeliuliza, hili haliulizi. Kisha mwalimu wa hesabu humwita mzito wa kuelewa, na mwalimu wa Kiingereza hana habari.

Wataalamu wa lugha hiyo waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitoa mpango wa Kiingereza chepesi chenye maneno 850, vitenzi vikiwa 18 tu, na "take" kimojawapo. Wepesi huo ulikuwa wa hesabu tu, kwani vitenzi hivyo vichache vilitwishwa mizigo ya vile vilivyoachwa. Linalotufaa zaidi ni orodha ya Michael West ya mwaka 1953, yenye maneno kama 2,000, iliyoonyesha kila maana ya neno hutumika kwa wingi gani. Kwa mwalimu, kila maana yafaa ihesabiwe kuwa neno jipya lenye kipindi chake.

Wako wasemao kwamba Kiswahili kisisikike kamwe katika kipindi cha Kiingereza. Siafikiani nao hapa. Dakika tano za kuzungumzia kitenzi "piga" hufanya kazi ambayo maelezo ya saa nzima hayafanyi. Twapiga ngoma, pasi, simu, magoti, hodi na kura, na katika hayo ni ngoma peke yake inayopigwa kweli. Waulize wanafunzi mgeni aliyejifunza kwamba "piga" ni kugonga kwa mkono au fimbo atafanya nini akiambiwa apige magoti. Watacheka, na wakisha kucheka watakuwa tayari kusikia habari za "take".

Lakini asije mwanachuo akajaza ubao maana ishirini kwa siku moja. Huko ni kuhamisha kamusi. Aanze na kupeleka, kwa sababu huweza kutendwa darasani kwa chaki na vitabu. Wiki nyingine afundishe kutoa, akipatana kwanza na mwalimu wa hesabu. Dawa na picha zifuate katika sentensi kamili. Maana za "take after" na "take over" zaweza kungoja hata miaka.

Katika kupima, swali "Neno hili maana yake nini?" liachwe, kwa kuwa litaleta jibu lile lile la ubaoni. Mpe mtoto kipande cha chaki, useme, "Take this to Standard Four," kisha umtazame aendako.