Rubani mwenye mwili mkubwa aanzie kwenye mizani

Ndege ndogo yenye gurudumu la mkia imependwa na askari wa wanyamapori, watafiti na wenye mashamba ya mbali katika Afrika Mashariki kwa sababu za wazi. Magurudumu yake makubwa mawili yako mbele, pua imeinuka, propela iko juu ya mawe na vichuguu, na hakuna gurudumu dogo la mbele la kuvunjika likitumbukia kwenye shimo la ngiri. Bernhard na Michael Grzimek walihesabu wanyama wa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ndege ya aina hiyo, Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda milia, na Piper Super Cub zingali zikifanya doria juu ya Tsavo. Mtu binafsi mwenye leseni na fedha anaweza kununua yake. Hoja yangu inamhusu mnunuzi ambaye matangazo ya biashara humsahau: rubani mrefu, mpana, mwenye kilo 110, 125 au zaidi. Ana haki kamili ya kuruka. Lakini aichague ndege kwa uzito wake halisi kabla ya kutazama rangi, bei au jina la mtengenezaji, na akubali kwamba ndege nyingi zinazouzwa kama za viti viwili, kwake yeye ni za kiti kimoja.

Chanzo cha tatizo ni cha kale. Kanuni za Marekani ambazo ndege nyingi za namna hii zilibuniwa chini yake zilimhesabu mtu mmoja kuwa na ratili 170, yaani kilo 77. Kiti, nafasi ya magoti na hesabu ya shehena vilipangwa kwa kumfikiria mtu huyo. Hata mashirika ya ndege yalichelewa kuachana na makadirio ya zamani. Januari 2003 ndege aina ya Beechcraft 1900D ilianguka ilipokuwa ikipaa Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta mtambo wa usukani wa mkia ulikuwa umefungwa vibaya na mafundi, na pia kwamba ndege ilikuwa na uzito uliopita kiasi, uliolalia nyuma, kwa sababu abiria walikadiriwa kwa viwango visivyolingana tena na miili yao. Baada ya hapo viwango vilipandishwa. Kama makadirio yaliweza kuichangia ajali ya ndege ya watu 21, kwenye ndege ya watu wawili hayana nafasi hata kidogo, maana humo mtu mmoja ndiye sehemu kubwa ya shehena yote.

Tufanye hesabu ya Super Cub yenye injini ya nguvu farasi 150. Uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 794. Ikiwa tupu, vitabu vya kiwandani huitaja kuwa na kilo 420 na kitu, lakini ndege ya leo yenye matairi makubwa, redio, betri na rangi iliyorudiwa mara kadhaa hufika kilo 480 au 490 bila shida. Chukua 490: zinabaki 304. Jaza matangi, takriban lita 136 za petroli ya ndege, nazo ni kilo 98. Zinabaki 206. Watu wawili wa kilo 77 wanaingia na mizigo yao kwa raha. Rubani wa kilo 125 akimchukua mwenzake wa kilo 85 wameshapita kiwango kabla ya chupa ya kwanza ya maji kupakiwa. Kwenye Piper J-3 Cub ya zamani hali ni ngumu zaidi: inaruhusiwa kilo 553, na hata tukiipa uzito mtupu wa kiwandani wa karibu 347, mafuta yakishajaa zinabaki 173 kwa watu na kila kitu. Rubani wetu akikaa, abiria wake awe mtoto. Aviat Husky A-1C, inayoruhusiwa kilo 998, inatoa nafuu ya kweli, kwa kuwa wawili hao hao wanaweza kuruka na matangi yaliyojaa na bado wakabakiwa na kilo kadhaa za hema na vyombo. Cessna 185 inatoa nafuu kubwa zaidi, na watu hukaa ubavu kwa ubavu badala ya mmoja nyuma ya mwingine. Ila injini yake ya nguvu farasi 300 hunywa zaidi ya lita 50 kwa saa pale ambapo Super Cub hutosheka na thelathini na kitu. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya mwili mkubwa angani, na ni afadhali ijulikane dukani kuliko porini.

Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada kwa sababu ya mwinuko. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki iko juu zaidi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwapa marubani wa ndege ndogo vipimo rahisi vya kukadiria umbali wa kupaa: kila futi 1,000 za mwinuko huongeza asilimia 10, nyuzi 10 za joto asilimia 10 nyingine, nyasi kavu asilimia 20, na uzito ukizidi kwa asilimia 10 umbali huongezeka kwa asilimia 20. Vipimo hivi havijumlishwi, huzidishwa. Joto nalo huhesabiwa kwa kiasi linachozidi joto la kawaida la mwinuko husika, ambalo hupungua kadiri unavyopanda. Basi ndege inayohitaji mita 300 kwenye usawa wa bahari, siku ya nyuzi 15, itahitaji karibu 600 kwenye mwinuko wa Wilson siku ya nyuzi 24. Kwenye nyasi itapita 700. Ongeza asilimia 10 ya uzito, ambayo kwa Super Cub ni chini ya kilo 80, nawe unakaribia mita 880. Kiwanja cha porini chenye mita 800 na migunga mwishoni hakimpi rubani nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Mahali uzito unapokaa pana maana sawa na wingi wake. Kwenye Super Cub rubani hukaa mbele. Akiwa mzito, kitovu cha uzito husogea mbele, na breki zikikanyagwa kwa nguvu ndege huwa tayari kuinamia pua. Abiria mzito na mizigo nyuma hufanya kinyume, na hilo ndilo baya zaidi: mabawa yakiishiwa nguvu ya kuibeba ndege, pua haishuki upesi ili ndege ipate mwendo, na ikishagusa ardhi, uzito ulio nyuma ya magurudumu makuu huusukuma mkia uipite pua, ndege ikajizungusha na kuvunja bawa. J-3 ina tabia yake pia, kwani rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma.

Kisha kuna mwili wenyewe ndani ya chumba. Ndege hizi nyingi huongozwa kwa fimbo iliyo katikati ya mapaja, na kutua kwa magurudumu matatu kwa pamoja kunadai fimbo ivutwe nyuma hadi mwisho. Tumbo au mapaja yakiizuia sentimita chache tu, rubani amenyimwa uwezo huo dakika anayouhitaji kuliko zote. Breki za Super Cub hukanyagwa kwa visigino, chini ya kanyagio, na kiatu kikubwa huweza kuzikanyaga bila kukusudia. Anayetaka kununua akae, afunge mikanda yote, asukume fimbo pembe zote nne na kanyagio hadi mwisho, akiwa na viatu na koti atakavyovaa safarini.

Wapo wanaosema dawa ni injini kubwa. Injini hufupisha safari ya kupaa, lakini haibadilishi uzito ulioidhinishwa wala uimara wa mabawa na miguu, tena yenyewe huongeza kilo na kiu ya mafuta. Wengine hutaja Alaska, ambako sheria ya Marekani huruhusu baadhi ya ndege za zamani kuzidisha uzito hadi asilimia 15. Ruhusa hiyo ipo kweli, lakini ni ya waendeshaji wa biashara na shughuli fulani za serikali, kwa masharti, na viwanja vingi vya huko viko karibu na usawa wa bahari katika hewa ya baridi na nzito. Kuihamishia Laikipia ni hatari. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya kupunguza mafuta, na kwa safari fupi karibu na nyumbani naikubali kabisa. Lakini petroli ya ndege haipatikani kila kiwanja, na anayeacha mafuta ili abebe mtu huwa ameikata akiba yake mwenyewe kwa siku ya mvua na ukungu. Na wanaomwambia apungue mwili wanaweza kuwa na neno la afya, ila mtu mwenye futi sita na nusu hapunguzi mifupa, na ndege itapaa leo na uzito wa leo.

Kinachonisikitisha ni aibu. Mtu huulizwa uzito wake kiwanjani mbele ya wenzake, akataja kilo 95 naye ana 115, na mwalimu kwa heshima akaandika hivyo hivyo. Mficha uchi hazai. Vyuo vya urubani na vilabu viweke mizani mahali pa faragha, kila mtu apimwe na begi lake, mwembamba kwa mnene, wala pasiwe na neno la mzaha juu ya namba inayosomeka. Nawe unayetaka kununua, kabla ya kulipa malipo ya awali dai karatasi ya upimaji wa mwisho wa ndege yenyewe, si ya kitabu cha kiwandani. Panda mizani ukiwa umevaa viatu, hesabu mafuta ya safari zako halisi pamoja na mtu unayekusudia kumchukua, na kama kilo hazitoshi, mwachie muuzaji ndege yake.