Utafiti wa Kilosa usomwe Kilosa

Kuna kauli moja inayonikera kila tunapokaa kusuluhisha migogoro ya ardhi: "Utafiti unaonyesha." Anaisema kiongozi, anaisema afisa wa mradi, anaisema hata mlalamikaji aliyeandaliwa na mtu. Muulize ni utafiti gani, wa nani, wa mwaka gani, anarukia hoja nyingine. Mimi ni katibu wa baraza la kata wilayani Kilosa. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa na aliyeyasema, na kauli hiyo haina mwenyewe.

Si kwamba tafiti hazipo. Kilosa imeandikwa sana. Mauaji ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000, ambapo wakulima 38 walipoteza maisha katika mgogoro na wafugaji, yalichambuliwa na Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah katika jarida la Development and Change, mwaka 2009, juzuu ya 40, namba 3, ukurasa wa 423 hadi 445. Nimeyataja yote hayo makusudi. Anayenitilia shaka aitafute makala hiyo, aifungue, aone kama nimewasingizia. Hiyo ndiyo maana ya kurejelea kazi ya mtu: kumpa msikilizaji uwezo wa kukukagua.

Niliisoma kwenye kompyuta ya chuo mjini Morogoro, binti wa dada yangu akiwa pembeni kunisaidia pale Kiingereza kilipokaza. "Mama mdogo, muhtasari si unatosha?" aliniuliza. Hautoshi hata kidogo. Muhtasari unakupa hitimisho tu. Nani alihojiwa, lini, na upande upi ulisikilizwa zaidi, hayo yamo ndani. Shahidi akija mbele ya baraza tunamuuliza alikuwa wapi na ameyajuaje anayoyasema. Makala nayo iulizwe vivyo hivyo.

Mikutanoni tunaambiwa chanzo cha ugomvi ni ardhi kutotosha, basi. Waandishi hawa hawaishii hapo. Wanapanda hadi kwenye sera za taifa zilizomweka mfugaji pembeni, kisha wanashuka hadi kwenye rushwa, na kwa wananchi waliokosa imani na vyombo vinavyopaswa kuwalinda. Ukishayasoma hayo huwezi tena kuridhika kuuliza ng'ombe ni wa nani na shamba ni la nani. Utataka kujua nani aliruhusu mifugo ipite hapo, na kumbukumbu za mkutano mkuu wa kijiji ziko wapi.

Mikumi nako kumeandikwa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mwaka 1995 Carlos Drews alichapisha katika African Journal of Ecology makala kuhusu wanyama wanaogongwa na magari humo, nyani wakiwemo. Jarida hilo lilizaliwa huku kwetu likiitwa East African Wildlife Journal. Leo linatolewa na kampuni kubwa ya kimataifa. Kijana wa Mikumi anayetembeza watalii, au mwalimu anayefundisha jiografia hatua chache kutoka barabarani, ataipata wapi makala hiyo?

Kwa simu, mara nyingi utaishia kwenye aya moja na bei. Makala moja huweza kupita dola 30, yaani zaidi ya shilingi 70,000, kwa kitu ambacho wanakijiji walikichangia kwa majibu yao na muda wao. Hilo halikubaliki. Lakini pia tumeacha milango iliyo wazi. African Journals Online ina majarida mengi ya bara hili, na mengi yanasomwa bure. Anwani ya barua pepe ya mwandishi kwa kawaida imo kwenye makala yenyewe, na waandishi wengi hutoa nakala wakiombwa kistaarabu.

Mlango mkubwa zaidi ni Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, vyuo vikuu na wachapishaji, ulioanza mwaka 2002 na Hinari ya afya. Ikafuata AGORA ya kilimo, na mwaka 2018 GOALI ya sheria. Tanzania imo katika kundi la nchi zisizolipa ada. Tena wanaoweza kujisajili si vyuo peke yake. Hospitali, asasi za kiraia na ofisi za serikali nazo zimo. Kwa hiyo halmashauri ya wilaya inaweza kuomba, ikatenga kompyuta moja kwa ajili ya makatibu wa kata, maafisa ugani na walimu.

Watafiti nao wana deni. Wanafika na kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, wanapita mkoani, wilayani, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, na tunawapokea. Makala ikitoka, nakala yake irudi kwa njia hiyo hiyo, pamoja na kurasa mbili za Kiswahili zinazosema walichokiona. Liwe sharti la kibali, lisiachwe kwenye hiari ya mtu.

Namwomba mkurugenzi wa halmashauri awakabidhi afisa TEHAMA na mwanasheria wake kazi ya usajili wa Research4Life kabla ya kiangazi. Kiangazi ndipo mifugo inaposhuka mabondeni kufuata maji, na ndipo meza yetu inapojaa malalamiko.