Vita vya Pili vya Dunia Havikuanzia Poland

Katika shule nyingi mwanafunzi hufundishwa sentensi moja kuhusu Vita vya Pili vya Dunia, naye huikariri mpaka aingie nayo katika chumba cha mtihani: kwamba vita hivyo vilianza Septemba 1, 1939, siku majeshi ya Hitler yalipoivamia Poland. Hesabu hiyo ni ya Ulaya. Ilipimwa kwa saa za London na Paris, ikaingizwa katika vitabu wakati wa ukoloni, na mkoloni alipofungasha virago vyake hakuna aliyekumbuka kumrudishia. Septemba 1939 ni tarehe ambayo Uingereza na Ufaransa zilitambua kwamba moto umefika mlangoni kwao. Wale waliokuwa wakiungua tangu miaka minane nyuma hawamo katika hesabu.

Mambo yenyewe yanajulikana. Usiku wa Septemba 18, 1931, maofisa wa jeshi la Japani waliilipua reli yao wenyewe karibu na mji wa Mukden, wakawasingizia Wachina, na kwa kisingizio hicho wakaiteka Manchuria nzima. Mwaka uliofuata wakaunda huko dola ya kibaraka na kumweka Puyi, mfalme wa mwisho wa China, awe pambo lake. China ilipeleka mashtaka Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa. Shirikisho likaunda tume chini ya Lord Lytton. Tume ikasafiri, ikasikiliza, ikaandika taarifa ndefu yenye busara nyingi. Kila mtumishi wa serikali anajua tume huwa ni nini pale ambapo wenye uwezo hawataki kutenda. Mwaka 1933 Shirikisho liliikubali taarifa hiyo. Wajumbe wa Japani wakainuka na kutoka ukumbini, na mambo yakaishia hapo.

Aliyekuwa akitazama kwa makini kuliko wote alikuwa Mussolini. Italia ilikuwa na kisasi cha miaka 39, tangu Machi 1, 1896, jeshi lake liliposhindwa na Wahabeshi huko Adwa. Desemba 1934 mapigano yakazuka kwenye visima vya Walwal, na Ethiopia, ikiwa mwanachama halali wa Shirikisho, ikafuata sheria: ikashtaki. Italia nayo ilifuata sheria yake. Ilitumia miezi yote ya usuluhishi kuvusha askari, malori na ndege kwenda Eritrea na Somalia, na Oktoba 3, 1935 majeshi yake yakavuka mto Mareb bila hata kutangaza vita.

Hapa ndipo unafiki wa mabeberu unapostahili kuchunguzwa polepole. Shirikisho liliitia Italia hatiani katika mwezi huo huo, na kuanzia Novemba 18 vikwazo vya uchumi vikatangazwa. Italia isiuziwe silaha, isikopeshwe fedha, bidhaa zake zisinunuliwe. Lakini mafuta hayakukatazwa. Vita ile ilikuwa ya vifaru, malori na ndege, na hakuna kimoja kati ya hivyo kinachokwenda bila mafuta. Mfereji wa Suez, uliokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, haukufungwa. Meli za Italia zilizojaa askari zilipita humo zikilipa ushuru kama meli za biashara. Desemba mwaka huo mawaziri wawili, Samuel Hoare wa Uingereza na Pierre Laval wa Ufaransa, walikubaliana kwa siri kumkatia Mussolini sehemu kubwa ya nchi ya Ethiopia ili anyamaze. Siri ilipovuja katika magazeti ya Paris, Hoare alijiuzulu. Sera yake haikujiuzulu naye.

Wakati huo ndege za Italia zilikuwa zikimwaga gesi ya sumu juu ya askari na wanavijiji, ingawa Italia ilikuwa imetia saini mapatano ya mwaka 1925 ya kukataza silaha hiyo. Addis Ababa ilitekwa Mei 5, 1936. Juni 30 Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho kueleza yaliyowapata watu wake, na waandishi wa habari wa Kiitalia wakampigia miluzi ya dharau. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa. Waafrika waliokuwa ng'ambo hawakuhitaji kusubiri mpaka 1939 ili waelewe maana ya jambo lile. Mjini London, mwaka 1935, Jomo Kenyatta, C.L.R. James, Amy Ashwood Garvey na wenzao walikwisha kuunda chama cha kuitetea Ethiopia.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. London na Paris hazikutia maji. Zilimshikia kinyozi kioo. Machi 7, 1936, wakati Geneva ikibishana juu ya Ethiopia, Hitler aliingiza askari wake katika Rhineland, naye hakuguswa. Oktoba mwaka huo Roma na Berlin zikafungamana, na hivyo ile hoja kwamba Ethiopia ilitolewa kafara ili Mussolini asiende kwa Hitler ikafa kifo chake. Hispania ikageuzwa uwanja wa majaribio ya ndege za Wajerumani na Waitalia. Julai 7, 1937 Japani ikaanzisha vita kamili dhidi ya China karibu na Beijing, na Desemba mji wa Nanjing ulipoanguka, mauaji na unajisi uliofanywa humo ulikuwa wa kutisha.

Machi 1938 Austria ikamezwa. Katika mwezi huo huo balozi wa Uingereza mjini Berlin, Nevile Henderson, alimpelekea Hitler pendekezo la kugawa upya nchi za Afrika ya kati, kana kwamba ni viwanja vya urithi, ili apate kutulia. Hitler hakujali, alitaka kwanza Ulaya. Lakini ni vema ikumbukwe kwamba Wajerumani walikuwa wakidai warudishiwe makoloni yao ya zamani, Tanganyika ikiwamo. Septemba mwaka huo, huko Munich, Chekoslovakia ilikatwa vipande bila yenyewe kuitwa mezani. Ikaliwa iliyobaki Machi 1939, na mwezi uliofuata Italia ikaichukua Albania. Ndipo ikaja Poland.

Yaliyofuata vitabu huyaeleza kwa kirefu, na hayana haja ya kurudiwa hapa: Ufaransa kusalimu amri Juni 1940, Mussolini kuingia vitani siku chache kabla ya hapo baada ya kuona kwamba jirani yake amekwisha kuanguka, Uingereza kubaki na himaya yake. Neno himaya ndilo lisilofafanuliwa. India iliingizwa vitani kwa tangazo la Gavana Mkuu wa Kiingereza, bila viongozi wa Wahindi kushauriwa. Wala hakuna aliyemwuliza mkulima wa Songea au wa Kitui. Kutoka Tanganyika peke yake zaidi ya watu 80,000 walivaa sare za jeshi. Mwaka 1941 askari wa Keya walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyotoka Kenya, yakapita Mogadishu na kuingia Addis Ababa Aprili 6. Askari wa Kongo nao waliwapiga Waitalia huko Saïo. Mei 5 Haile Selassie akarudi katika mji wake mkuu, miaka mitano kamili tangu utekwe. Nchi ya kwanza kunyang'anywa kutoka mikononi mwa mafashisti ilikuwa ya Afrika, na wazalendo wake, akina Abebe Aregai, walikuwa wamepigana milimani miaka yote hiyo mitano bila msaada wa maana wa yeyote.

Hata shambulio la Pearl Harbor la Desemba 7, 1941, ambalo Wamarekani huliona kama radi iliyopiga katika anga tupu, halielezeki bila China. Japani ilikuwa imenasa huko kwa miaka minne, ilihitaji mafuta na mpira, ikaingia kusini mwa Indochina, Marekani ikaikatia mafuta, nayo ikapiga. Baada ya hapo ikateka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi, na madola yakakosa nyuzi na mpira. Matokeo yake yalionekana Tanga na Morogoro: serikali ya kikoloni ilikamata watu kwa sheria na kuwapeleka mashamba ya mkonge kwa nguvu. Huko Katanga wafanyakazi wa migodi waliogoma Desemba 1941 walipigwa risasi mjini Elisabethville, na kutoka katika jimbo hilo hilo, mgodi wa Shinkolobwe, ilitoka sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya atomiki ya Agosti 1945.

Na vita viligeuzwa na nani? Sinema hujibu kwa pwani ya Normandy. Juni 6, 1944, siku majeshi ya Magharibi yaliposhuka huko, Wajerumani walikuwa wamekwisha kushindwa mbele ya Moscow, wamepoteza jeshi zima Stalingrad Februari 1943, wamevunjwa nguvu Kursk Julai mwaka huo, na walikuwa wakirudi nyuma. Raia na askari wa Muungano wa Kisovieti waliokufa ni kiasi cha milioni 27. Midway na El Alamein zina heshima yake mwaka 1942, lakini sehemu kubwa ya jeshi la nchi kavu la Japani ilibaki imefungwa China, iliyopoteza mamilioni kwa mamilioni. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Madagaska mwaka 1942 na kuvuka mto Chindwin huko Burma mwaka 1944. Februari mwaka huo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikiwa na mamia ya askari wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Japani, wakafa karibu watu 1,300.

Wako wasomi wanaodai kwamba vita vya China na Ethiopia vilikuwa vya kikanda tu, na kwamba ni 1939 iliyovifanya vya dunia. Hoja hiyo haisimami. Vita vilivyoanza Julai 1937 nchini China havikusita hata siku moja mpaka Japani iliposalimu amri. Ama Ethiopia, jibu limeandikwa na washindi wenyewe. Mkataba wa Amani na Italia, uliotiwa saini Paris Februari 10, 1947, unasema katika kifungu cha 38 kwamba wajibu wa Italia kwa Ethiopia utahesabiwa kuanzia Oktoba 3, 1935. Fidia iliyotolewa ni jambo jingine: Yugoslavia ilipangiwa dola milioni 125, Ugiriki milioni 105, na Ethiopia, iliyoanza kuvamiwa kabla ya zote hizo, milioni 25. Marshal Graziani, ambaye chini ya utawala wake raia wa Addis Ababa walichinjwa kwa siku tatu Februari 1937, hakufikishwa mahakamani kwa kosa hilo. Nguzo ya Aksum iliyoibwa ilitakiwa irudishwe katika muda wa miezi 18. Ilirudi mwaka 2005.

Kasumba ya 1939 haikuwapata wanafunzi peke yao. Shaaban Robert mwenyewe, bingwa wa lugha hii, aliutaja mwaka huo katika kichwa cha Utenzi wa Vita vya Uhuru, naye aliishi chini ya serikali iliyoingia vitani mwaka huo. Waandishi wa vitabu vya leo hawana udhuru huo. Hata hivyo mwanafunzi atakayeandika 1935 katika karatasi ya mtihani huenda akakatwa alama, ingawa mkataba uliotiwa saini na mataifa ya washindi unamuunga mkono.