Samaki Mdogo Arudishwe Majini

Mtoto akivua samaki kwa ndoana katika ziwa Tanganyika, ampeleke nyumbani au amrudishe majini? Wengine husema: Mwenye njaa hatupi chakula. Ni kweli, samaki mkubwa aliwe. Lakini mdogo hatoshi hata kwa tonge mbili za bukari. Akiachwa akue, atazaa, naye atashibisha watu wengi. Tena mama ngege hutunza mayai na watoto kinywani mwake. Anayemwua anaua jamaa yote. Hao warudishwe upesi, kwa mikono yenye maji, maana mikono mikavu huondoa ute unaolinda ngozi yao. Bali aliyemeza ndoana na kutoka damu nyingi, mara nyingi hufa, huyo apikwe. Mvuvi mwenye akili hula leo, na kesho pia atavua.