Mashua Hukodiwa, Samaki Hakodiwi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari ili waja wake wapate riziki humo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Wasomaji wapenzi, kaskazi ikishatulia, mashua za kukodi huonekana nje ya mwamba wa Diani tangu alfajiri. Wanaozikodi wengi ni wageni wa hoteli, na siku hizi wamo pia ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi wanaokuja kupumzika. Lakini wanaotia chambo, wanaonyoosha mishipi na wanaomshika usukani nahodha anapochoka ni vijana wetu wa Bongwe, Gombato, Msambweni na Shimoni. Kwa hiyo jambo hili, ingawa huitwa mchezo wa wageni, limo ndani ya nyumba zetu.

Mama mmoja wa hapa Bongwe ameniletea swali, na amesema wenziwe kadhaa wanauliza vivyo hivyo. Mwanawe hutoka kabla ya jua na kurudi magharibi. Husimulia samaki wakubwa waliopandishwa chomboni, wengine wakapigwa picha na kurudishwa majini, wengine wakachukuliwa. Yeye hurudi na ujira wake tu, na jikoni hamna hata kichwa cha samaki cha kutia katika mchuzi. Tena jirani amemwambia kwamba pesa hizo ni haramu, kwa kuwa wageni hunywa pombe humo chomboni. Anauliza: je, kazi ya mwanangu ni halali? Na samaki wale ni wa nani?

Ili tusihukumu jambo tusilolijua, na tuitazame kwanza siku yenyewe. Nilipata kualikwa katika safari moja ya namna hiyo, mwezi wa Januari. Tuliuvuka mlango wa mwamba maji yakiwa yamejaa, na punde rangi ya bahari ikageuka kutoka kijani kuwa buluu iliyokoza. Huko nje mkondo hupanda kuelekea kaskazini, na kusini zaidi, mbele ya Shimoni, mna mkondo wa Pemba, ambao kina chake hupita mita 800. Maji hayo ndiyo njia ya jodari, nguru, fulusi, na wale wenye mdomo mrefu kama mkuki, sulisuli na nduaro.

Mashua haitii nanga. Huenda polepole ikiburura chambo bandia, nao mabaharia hutazama ndege. Ndege wakishuka kwa pamoja, chini yao mna dagaa, na chini ya dagaa mna jodari. Kwa muda wa saa tatu hatukupata kitu. Kisha mishipi miwili ikavutwa kwa mara moja, na nikayaona maarifa ya yule kijana wa chomboni: alijua mshipi upi ulegezwe na upi ukazwe, mgeni asimame wapi, na nahodha ageuze chombo upande gani. Mgeni alishika fimbo, lakini elimu ilikuwa ya kijana. Jioni tulirudi na fulusi watatu na jodari mmoja. Nduaro mmoja alifikishwa ubavuni mwa chombo, akachomwa mgongoni kijialama chenye nambari, akaachiwa. Alama hizo huwekewa kumbukumbu, na taasisi ya African Billfish Foundation hapa Kenya imekuwa ikizikusanya, ili samaki huyo akivuliwa tena mahali pengine ijulikane alikotoka na alivyokua.

Sasa tuje kwenye hukumu. Uvuvi wa baharini asili yake ni halali bila ya shaka. Mwenyezi Mungu ameubainisha katika Sura ya al-Maida, aya ya 96, kwamba vya baharini vimehalalishwa viwe manufaa yetu na ya wasafiri. Hata aliye katika ihramu, ambaye amekatazwa kuwinda barani, hakukatazwa kuvua.

Ama kumvua samaki kwa ajili ya kumchezea tu, hapo pana neno. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Ibn Umar aliwapita vijana waliomfunga ndege wakamfanya shabaha, akawakemea kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Samaki ana roho na huumia. Anayemtoa majini ili amle, amlishe mwenziwe au amuuze, ametumia neema. Anayemchosha kwa saa nzima ili apigwe picha, kisha akamtupa akiwa hoi, huyo amecheza na roho isiyo yake. Akikatwa mshipi haraka, akaachiwa akiwa mzima kwa ajili ya kuhifadhi kizazi chake au kwa maarifa yenye faida, jambo ni jepesi zaidi. Kijana wetu si mwenye kuamua, lakini mkono wake ndio unaoshika samaki: na auharakishe, na amfanyie upole kadiri awezavyo.

Kuhusu pombe, jirani amechanganya mambo mawili. Ujira wa kuendesha chombo na kuvuta mshipi ni ujira wa kazi halali, na dhambi ya mnywaji iko juu ya mnywaji. Ila kuibeba pombe na kuimimina ni jambo jingine, kwa kuwa katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mbebaji na mnyweshaji wametajwa pamoja na mnywaji. Basi kijana na amweleze nahodha mapema, kwa adabu, kwamba yeye atafanya kazi zote za chombo isipokuwa hiyo. Mabaharia Waislamu ni wengi katika pwani hii, na neno lililosemwa nchi kavu kabla ya safari halimfedhehi mtu mbele ya wageni.

Limebaki swali kubwa: samaki ni wa nani? Wanachuoni wetu wamekataza kuuza samaki angali majini, kwa kuwa hajulikani kama atapatikana wala atakuwa kiasi gani. Kwa hiyo aliyekodi mashua hakununua samaki. Amekodi chombo, mafuta, maarifa ya nahodha na siku moja ya maisha ya mabaharia. Akirudi mikono mitupu, hana haki ya kudai pesa zake, na baharia asipunguziwe ujira kwa kuwa bahari ilikuwa kavu. Na samaki akipatikana, atakwenda kwa yule ambaye mapatano yamesema ni wake, kwa kuwa Waislamu hufuata masharti waliyoyawekeana. Mashua nyingi zina desturi ya kuwa samaki ni wa chombo, na mgeni hupewa cha kula. Desturi hiyo haina ubaya ikiwa inajulikana. Ubaya huingia pale pasiposemwa kitu, kila mmoja akadhani samaki ni wake, na jioni moyo wa mdogo ukaumia kimya.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Wazee wetu wa ngalawa na madau walikuwa na mpango ambao mama wa pwani hahitaji kufundishwa. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mabaharia wana fungu lao. Lakini kabla ya mnunuzi kupima na mama karanga kuchagua wa kukaanga, kila baharia hutoa kitoweo cha nyumbani kwake. Kitoweo hakikuwa zawadi ya tajiri. Kilikuwa haki ya wale waliobaki wakingoja. Mashua ya kukodi imekuja na injini mbili na fimbo za thamani, lakini kitoweo kimesahauliwa ufukweni.

Wala haya si mambo ya pwani yetu peke yake. Katika bahari za baridi za Atlantiki ya kaskazini, huko Marekani, watu hukodi nafasi chomboni kwa siku moja wakamvue samaki aitwaye haddock, mwenye mstari mweusi ubavuni na doa jeusi juu ya pezi. Huko samaki wanaobakishwa ni wa kula. Mabaharia huwapasua minofu njiani wakati wa kurudi, kila abiria akashuka na fungu lake, naye baharia akapata bakshishi kwa kazi ya kisu chake. Safari ni ya kujifurahisha, lakini mwisho wake ni jikoni.

Na tunalo funzo lililo bora kuliko hilo. Jabir bin Abdillah amesimulia, katika Bukhari na Muslim, habari za masahaba mia tatu waliotumwa pwani chini ya Abu Ubayda. Chakula chao kilipungua hadi mtu akawa anapewa tende moja kwa siku. Bahari ikawatupia samaki mkubwa mfano wa kilima, wakamla siku nyingi. Waliporejea Madina, Mtume aliwauliza kama wamebakiwa na chochote, wakampelekea, naye akala. Wanachuoni wamesema alikula ili nyoyo zao zitulie kwamba ni halali. Nami naona humo adabu nyingine: riziki ya bahari iliyowashibisha waliosafiri iliwafikia pia waliobaki mjini.

Basi nasaha zangu ni hizi. Kijana anayeajiriwa katika mashua ya kukodi aulize mambo matatu kabla ya kung'oa nanga: ujira wake ni kiasi gani hata samaki wasipopatikana, bakshishi hugawanywa vipi baina ya nahodha na mabaharia, na kitoweo chake ni kipi katika samaki watakaobakishwa. Mwenye chombo ambaye ni Mwislamu asingoje kuulizwa. Jodari mmoja akipasuliwa, vichwa na mifupa yake pekee huweza kupika chungu katika nyumba tatu, na baraka ya chombo haipungui kwa hilo.

Kwa mama na wake zetu nasema hivi. Msiyadharau maswali yenu kwa kuwa hamjapanda chombo. Tena mjue kwamba kazi hii ina msimu. Huanza baada ya kusi kulegea, mwezi wa Agosti au Septemba, ikaendelea hadi Machi. Kusi ikishaingia kwa nguvu, mashua hupandishwa juu, na ujira hukatika, ilhali karo ya watoto haikatiki. Pesa za Desemba na Januari zina mwezi wa Mei na Juni ndani yake. Wekeni fungu katika chama chenu wakati wa neema, na mkubaliane na waume zenu na wana wenu kiasi chake kwa maneno yaliyo wazi, kama vile tulivyotaka mapatano ya chomboni yawe wazi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarejeshe salama wote walio baharini, azitie baraka chumo zao, na azijaze jiko zetu riziki iliyo halali na safi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.