Baridi ya Ufipa Haitoshi Kuipoza Kompyuta

Mji wa Sumbawanga uko katika uwanda wa juu wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai wanafunzi huingia darasani wamevaa masweta. Mtu aweza kudhani kwamba kompyuta iliyowekwa katika chumba chenye baridi kama hiyo haina haja ya kuangaliwa joto lake. Dhana hiyo ni potofu, na hasara yake huziangukia hasa shule zenye mashine chache.

Kompyuta inayotumia wati 100 hugeuza karibu umeme huo wote kuwa joto ndani ya kasha dogo. Baridi ya chumbani hailifikii joto hilo ila kwa hewa inayopita. Ili hewa hiyo isipate joto zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi, hapana budi gramu 10 hivi zipite kila sekunde. Dar es Salaam, katika nyuzi 28, hewa hiyo ni kama lita 8 na nusu. Sumbawanga, ambako kanieneo ya hewa ni kiasi cha asilimia 80 ya ile ya pwani, inazidi lita 10, hata katika nyuzi 20. Feni husukuma ujazo, wala haijali uzito. Hivyo wepesi wa hewa hupunguza sehemu ya faida iletwayo na baridi.

Wafua chuma wa Kifipa waliielewa vema kazi ya njia ya hewa. Hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20 walipata chuma kutoka katika mawe ya madini kwa matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yenye kimo cha mita 3 hivi. Hayakuhitaji mivukuto. Gesi za moto zilipanda na kutokea juu, na hewa mpya ikavutwa kupitia matundu ya chini. Wao waliitaka hewa ikuze moto. Kompyuta huitaka iondoe joto. Hata hivyo kanuni ni moja: hewa haiingii pasipo na njia ya kutokea.

Kasha la kompyuta ni fupi mno kuvuta hewa ya kutosha lenyewe, ndiyo maana likawekewa feni. Lakini feni haifai kitu kasha likisukumwa hadi ukutani, likifungiwa kabatini, au likifunikwa kitambaa wakati mashine inafanya kazi. Vumbi la kiangazi nalo huziba matundu. Mashine iliyokosa hewa hujipunguzia kasi, kisha hujizima. Lawama hupewa virusi au uchakavu, na mashine nzima ikatupwa stoo.

Kwa hiyo, kabla shule haijaomba fedha za mashine mpya, yafaa ichungulie nyuma ya zile ilizo nazo. Nafasi ya shubiri moja nyuma ya kasha haina gharama. Kitambaa kifunike mashine iliyozimwa na kupoa. Vumbi liondolewe kila muhula kwa brashi laini, umeme ukiwa umechomolewa. Na kazi hiyo wapewe wanafunzi, chini ya mwalimu wa fizikia: somo la msafara wa joto halitapata mfano ulio karibu zaidi.