Karani Mbele ya Hadhara

Kazi ya karani hudhaniwa kuwa ni kalamu na daftari basi. Apewapo waraka wa kuwaeleza watu, husimama, akausoma toka neno la kwanza hata la mwisho, akakunja karatasi yake, akaketi. Kisha huandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba wananchi wameelezwa. Sisi twaona kwamba watu hao wamesomewa, walakini hawajaelezwa, na tofauti ya mambo haya mawili si ndogo.

Na tutazame mfano wa Lionja, katika Wilaya ya Nachingwea. Mkulima wa korosho hupeleka mazao yake katika chama cha msingi, yakapimwa, naye akapewa stakabadhi. Kisha korosho hukaa ghalani kungoja mnada. Utaratibu huu uliingia katika biashara ya korosho mwaka 2007. Fedha haziji siku ile ile ya kupima, na zijapo huwa zimekwisha kukatwa makato. Mtu asiyefahamu sababu ya kungoja, wala hesabu ya makato, hudhani ameibiwa. Na wanunuzi wa kangomba wamo njiani, na vipimo vyao visivyo halali na fedha taslimu mkononi. Mkulima huwauzia kwa bei duni, akapata hasara ya jasho la mwaka mzima. Basi hotuba mbaya si aibu ya msemaji tu. Hasara yake humwangukia msikilizaji.

Tena yatupasa kukumbuka ya kuwa watu wa nchi hii si wageni wa maneno makubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Misitu ilifyekwa kwa mitambo, na reli ikajengwa kutoka pwani. Januari 1951 mpango ukaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Habari hizi wazee wamewasimulia watoto, na watoto wamewasimulia wajukuu. Kwa hiyo mhutubu aahidiye neema pasipo kutaja gharama husikilizwa kwa adabu, kisha watu huenda zao na kufanya walivyokuwa wakifanya. Adabu hiyo isitudanganye, kwani kunyamaza si kukubali.

Je, afanyeje karani atakaye maneno yake yafae? Kwanza, kabla ya kuandika lo lote, na ajiulize: Nataka watu hawa wajue jambo gani moja, au watende jambo gani moja? Jibu lake aliandike kwa sentensi moja. Asipoweza, basi yeye mwenyewe bado hajalifahamu jambo lake, na afadhali arudi kwa mkubwa wake akaulize, kwani kuuliza si ujinga.

Pili, na awafikiri watakaomsikiliza. Wamo wazee wasemao Kimwera nyumbani mwao, ambao maneno ya ofisini huwapita juu ya vichwa. Wamo akina mama walioacha chungu mekoni. Wamo vijana waliokwisha kusikia habari hiyo kwa njia nyingine, labda kwa upotovu. Hotuba ya dakika kumi na tano, na nusu saa ya maswali, itawafaa hao wote kuliko hotuba ya saa nzima isiyo na nafasi ya kuuliza.

Tatu, na aanze na jambo walijualo, ndipo awapeleke kwenye wasilolijua. Akitaka kueleza makato, asianze na kifungu cha sheria. Na ainue stakabadhi juu, watu waione, achukue kilo moja ya korosho, aseme: Kilo hii imeuzwa mnadani kwa bei hii, hiki kimekatwa kwa sababu hii, na hiki kwa sababu hii, kilichobaki ndicho chako. Mtu akiisha kuifahamu kilo moja, gunia atajihesabia mwenyewe.

Nne, na ajizoeze kwa sauti, peke yake au mbele ya rafiki, akitazama saa. Mkononi awe na kijikaratasi cha vichwa vya maneno tu, ili macho yake yawe kwa watu. Hesabu na tarehe na aziandike, maana hizo hazifai kukisiwa. Na akiulizwa asilolijua, aseme atalitafuta, ataje na siku ya kuleta jibu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Nguvu ya mfano mmoja wa kufaa ilionekana Tabora mwezi wa Januari 1958, katika mkutano mkuu wa TANU. Wajumbe wengi walitaka kususia uchaguzi, kwa kuwa kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mwalimu Julius Nyerere alitaka chama kiingie. Hakuwashinda kwa vifungu vya sheria. Aliwaonyesha shamba lililo ng'ambo ya matope, akawataka wachague kati ya kuchafua miguu na kupoteza mavuno. Kila mkulima aliona kwa macho ya moyo alichoambiwa. Wajumbe wakakubali kuingia katika uchaguzi, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda.

Labda wako watakaosema kwamba huyo alikuwa kiongozi, nasi ni makarani tu. Twawajibu kwamba Bwana Martin Kayamba, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, alikuwa karani. Mwaka 1931 alikuwa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika waliotoa ushahidi London mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, katika shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Kalamu haikumzuia kusema.

Shauri letu ni hili. Katika kila mkutano wa mwezi, mwanachama mmoja na apewe dakika kumi aeleze waraka mmoja kwa maneno yake mwenyewe. Akiisha, mwanachama mwingine asiyeujua waraka huo na asimame, aseme alichofahamu. Akishindwa, tusimcheke msikilizaji wala tusimlaumu. Msemaji na aanze tena. Mazoezi haya hayana gharama, na wataofaidi kwanza ni wale wanaongoja stakabadhi zao huko Lionja.